Mwendesha Baiskeli Anapoanza Kukimbia

Mtu aliyezoea kuendesha baiskeli kutoka Tabora mjini hadi Kwihara na kurudi huwa na moyo na mapafu vilivyo tayari kwa mbio, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa pumzi humruhusu kwenda kasi ambayo miundi, kano za visigino na mashavu ya miguu havijaizoea. Baiskeli hubeba uzito wa mwili. Katika kukimbia, kila hatua huuangusha uzito huo juu ya mguu mmoja.

Kwa hiyo, anza na siku tatu kwa wiki zisizofuatana, ukikimbia dakika mbili na kutembea moja hadi zitimie dakika ishirini. Wiki zinazofuata punguza kutembea kidogo kidogo, na muundi ukiuma hata unapougusa, rudi kwenye baiskeli mpaka maumivu yaishe.

Kasi ndiyo inayowashinda wengi. Ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, miguu huwa mizito kama ya kuazima, lakini kichwa bado kinadai mwendo wa magurudumu. Usikisikilize. Fupisha hatua, kisha jaribu kumsalimu kwa ukamilifu mzee aliyeketi chini ya mwembe. Ukishindwa kuitikia “marahaba” yake kwa sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Nusu ya kwanza iwe ya polepole kuliko ya pili, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kimbia alfajiri.