Mgeni akikupita kwa mauzo: namna ya kujifunza kwake

Nauza taa za sola wilayani Busia, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Ni zile taa za kulipa kidogo kidogo: mteja anatoa dipoziti, anafungiwa paneli na balbu, kisha kila anapolipa kwa simu anatumiwa tarakimu za kubonyeza kwenye mtambo. Asipolipa, taa inalala.

Juni mwaka jana aliingia kazini binti wa miaka 23 ambaye kabla ya hapo alikuwa akikaanga rolex kando ya stendi ya teksi. (Ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka: rolex ni chapati iliyokunjiwa mayai, na teksi ni ile mnayoiita matatu.) Mwezi wake wa tatu aliuza taa 31. Mimi niliuza 14.

Wiki nzima nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba ana mdomo mtamu, basi. Ikanichosha hata mimi mwenyewe. Ndipo nikaanza kufanya haya ninayoyaeleza, na ninayaandika kwa wale wenzangu wakongwe ambao wamepitwa na mtu wa juzi.

Hatua ya 1: Soma hesabu zake kwanza

Idadi ya mauzo peke yake hudanganya. Katika biashara yetu kumpa mtu taa ni rahisi, kazi ni yeye kuendelea kulipa. Kamisheni yetu pia inakuja vipande viwili: kimoja siku ya kufunga, kingine mteja anapoendelea kulipa. Kwa hiyo nilimwomba msimamizi mambo mawili zaidi. Taa ngapi za mwezi wake wa kwanza bado zinawaka? Wateja wangapi waliletwa na wateja wengine?

Mwezi wa kwanza aliuza 12, na 11 zilikuwa zinawaka. Karibu nusu ya wateja wake waliletwa na jirani au shemeji wa mteja. Hesabu zangu sizisemi hapa. Kama taa zake zingekuwa zimelala, ningefunga daftari siku hiyohiyo.

Kisha toa bahati. Yeye alipewa Majanji, kule ziwani, eneo nililolikataa mwenyewe kwa sababu ya vumbi la barabara na kwa kuamini kwamba wavuvi ni watu wa kuhamahama. Sehemu ya ushindi wake, basi, niliitupa mimi. Iandike hiyo kwenye daftari lako hata kama inauma.

Hatua ya 2: Omba kumfuata siku moja, na ufunge mdomo

Usiende kama mkaguzi. Nilimwambia, "Mwanangu, nimeshindwa kuelewa unavyofanya. Kesho naomba nikubebee paneli." Alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, wewe unibebee mimi?" Lakini alikubali.

Beba daftari dogo na uandike saa, mahali, na maneno aliyosema. Maoni yako yaache nyumbani. Haya ndiyo niliyoandika.

Kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi hakuuza chochote. Alipita nyumba saba za wateja wa zamani. Kwa mmoja alipanda kwenye kiti akafuta paneli kwa kitambaa kibichi, akamwonyesha mtoto wa nyumba namna ya kufanya, maana paneli ikishika vumbi betri haijai. Kwa mwingine alikunywa chai tu. Nyumba mbili kati ya hizo zilimpeleka kwa jirani. Mimi kwa miaka 8 nilikuwa narudi kwa mteja anapochelewa kulipa tu, ndiyo maana wakisikia bodaboda yangu wanatokea mlango wa nyuma.

Saa 5 tukafika ufukweni. Alimkuta mtu anashona wavu. Nilitegemea aseme bei. Akauliza, "Giza la mwezi linaingia lini?" Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mukene, wale dagaa wetu, huvuliwa kwa kuvutwa na mwanga wa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, na wavuvi wengi wanakaa nchi kavu, mifuko mitupu. Binti huyu alikuwa na kalenda yenye siku za giza zilizozungushiwa wino, na simu za kukumbusha malipo anazipiga giza likishakolea. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kila mwisho wa mwezi kana kwamba wavuvi wanalipwa mshahara wa serikali.

Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Bwana mmoja alikuja na dipoziti kamili mkononi. Binti akaikataa. "Hii ni ya chakula, kaka. Nitarudi giza likiingia." Moyo uliniuma. Mimi ningeipokea, na baada ya wiki tatu ningekuwa namtafuta.

Saa 10 jioni tulikwenda kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wale wenye sanduku la kufuli tatu. Hakuomba nafasi ya kuhutubia. Alikaa nyuma mpaka sanduku likafungwa, akauliza swali moja: mgao, yaani siku ya kugawana akiba, ni lini? Desemba. Akaandika, akaaga.

Hatua ya 3: Futa sifa, bakisha vitendo

"Ana bidii" huwezi kuifanya kesho saa 2 asubuhi. "Anapita nyumba saba kabla ya kuuza" unaweza. Mimi nilibaki na vitendo vinne: ziara za asubuhi, kalenda ya mwezi, kukataa pesa ya chakula, na kufuata mgao wa vikundi. Nilifuta pia kile ambacho ni chake kwa umri wake. Anafanya kazi mpaka saa 3 usiku na Jumapili hapumziki. Mimi nina watoto wanne na mgongo uliochakazwa na bodaboda.

Hatua ya 4: Jaribu kimoja tu

Hapa niliharibu. Oktoba nilichukua vyote vinne kwa pamoja. Nikafungua kalenda kwenye simu, nikaona giza limeingia, nikapakia paneli sita mpaka ufuo mwingine wa jirani. Nikakuta mitumbwi yote imepandishwa mchangani: upepo, siku ya nne hakuna aliyeingia majini. Nilirudi na paneli zangu sita.

Nilipomweleza alishangaa. "Mzee, hukupiga simu kwanza?" Kumbe kuna mama anayeanika mukene ambaye binti humpigia kila asubuhi kabla ya kutoka. Hilo sikuliona kwa sababu lilitokea kabla sijafika. Kwa hiyo baada ya siku ya kumfuata, rudi umuulize: ni kitu gani unafanya nisipokuwepo? Swali hilo ningeliuliza mapema, ningeokoa mafuta ya pikipiki.

Nikabakisha ziara za asubuhi peke yake, kwa miezi mitatu. Tegemea mauzo kushuka mwanzoni, kwa sababu saa mbili za asubuhi umezitoa. Mimi Novemba niliuza 11. Desemba, wateja 9 waliletwa na wateja wenzao, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Jambo moja la kuangalia: usimwombe mteja akutajie namba za simu za majirani zake. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na hata bila sheria, mtu akipigiwa na asiyemjua anakasirika. Binti huyu humwomba mteja atembee naye mpaka kwa jirani. Ni polepole, lakini ukifika umeshatambulishwa.

Hatua ya 5: Mlipe kwa unachokijua

Alinifundisha bure, na mimi nilikuwa na deni. Januari alikuwa ameuza nyingi mno kwa pesa za mgao. Nilimwonya: Februari shule zinafunguliwa, ada itameza kila kitu, na itakuwa hivyo tena muhula wa pili mwezi wa 5 na wa tatu mwezi wa 9. Waambie walipe wiki kadhaa mbele sasa hivi, pesa ikiwa bado ipo. Hakuniamini sana. Februari taa zake 12 zililala.

Tukakaa chini ya mwembe tukachora kalenda moja: giza la mwezi kwa wino wa buluu, ada za shule kwa mwekundu, migao ya vikundi kwa kijani. Nakala yake ameibandika ndani ya kabati, yangu iko kwenye daftari. Jumatatu ananipeleka kwa yule mama wa mukene anitambulishe. Paneli nitabeba mimi.