Somo: Kughani Devi Sukta bila kuharibu silabi wala toni

Devi Sukta ni wimbo wa beti 8 katika Rigveda (mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu kwa Kisanskriti), kitabu cha 10, wimbo wa 125. Mwonaji wake, yaani aliyefunuliwa wimbo huu, ni Vaak, binti wa Ambhrina, na anayesema ndani ya wimbo ni Devi, mungu mke, mwenyewe, kwa "mimi" tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye anayetembea na miungu akina Rudra, Vasu na Aditya. Ndiye anayewabeba miungu Mitra na Varuna. Ndiye anayempindia Rudra upinde. Ukighaniwa polepole unachukua dakika tatu hivi. Ni mfupi, lakini ulimi uliozoea Kiswahili unauharibu mapema sana, tena pale pale kwenye mstari wa kwanza.

1. Maandalizi. Oga, kaa juu ya mkeka wa nyasi za kusha au kipande cha sufu, uelekee mashariki au kaskazini. Washa taa ya samli, weka maua mekundu na matunda. Kisha achamana: kunywa funda la maji mara 3 kutoka kiganja cha kulia. Kipimo chake ni maji ya kuzamisha punje moja ya choroko nyeusi, si zaidi. Wanaojaza kiganja huishia kulowanisha nguo na kupaliwa.

2. Kutaja wenye wimbo. Kabla ya ubeti wa kwanza hutajwa mwonaji huku ukigusa kichwa, mizani ukigusa mdomo, na mungu anayeelekezewa ukigusa moyo. Usiruke hatua hii. Mizani yenyewe ni trishtubh, mistari 4 ya silabi 11, isipokuwa ubeti wa 2 ambao ni jagati, yaani silabi 12 kila mstari.

3. Sauti moja moja. Mistari miwili ya kwanza, iliyoungana, kwa tahajia yetu:

*aham rudrebhir vasubhish charaamyaham aadityair uta vishvadevaih*

Hapa "aa" ni silabi moja iliyovutwa, si mbili kama katika "kaa". Sasa mitego. *Dh* ya Kisanskriti si ya "dhahabu", ni d inayofuatwa na pumzi. *Th* si ya "thelathini", *kh* si ya "kheri", *gh* si ya "ghali". Zote ni t, k na g zenye pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme *bhir*: usipohisi pumzi, umesema *bir*.

Mtego wa pili ni kuongeza irabu mwishoni. *Vasubhish* ikigeuka *vasubhishi*, silabi imezidi na mizani imevunjika.

Wa tatu ndio mkubwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo. Kwa mazoea hayo mtu husema *vasuubhish*, wakati *su* hiyo ni fupi. Dawa yake ni kupiga vidole: silabi fupi pigo moja, ndefu mapigo mawili. Silabi yenye irabu fupi inayofuatwa na konsonanti mbili nayo huhesabiwa ndefu (*bh*, *sh* na *ch* kila moja ni konsonanti moja). Fanya hivyo kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka mpaka mapigo yakae sawa, ndipo uguse toni.

4. Toni. Ziko tatu. Katika maandishi ya Rigveda, mstari mlalo chini ya silabi ni toni ya chini (anudatta), mstari wima juu yake ni toni ya juu (svarita), na silabi isiyo na alama husomwa kati. Kwa hiyo *a* ya *aham* ya kwanza iko chini, *ham* iko kati. Katika *vasubhish*, *va* iko kati na *su* inapanda. Kupanda si kurefusha! Hapa ndipo wengi wanapovuta *su* kwa sababu tu imeinuka.

5. Kuunganisha. Mwalimu hughani mara moja, mwanafunzi hurudia mara mbili. Anza na robo ya ubeti, kisha nusu, kisha ubeti mzima. Usiende ubeti wa 2 kabla ya wa kwanza kutoka bila kitabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimehesabu mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja nikapata silabi 21, siyo 22. Nakosea wapi?*
Hujakosea. *Charaami* na *aham* zimekutana, *i* ikageuka *y*, silabi moja ikamezwa. Mizani inahesabu 22, lakini ghani kama ilivyoandikwa. Usiirudishe *i*.

*Toni ikikosewa maana inabadilika kweli?*
Inaweza. Fikiria barabara ya magari na kufanya jambo barabara. Mfano wa wapokezi wa Veda ni mungu Tvashtar: alitaka mwana atakayemuua Indra, mfalme wa miungu, akakosea toni ya neno *indrashatru*, akapata mwana atakayeuawa na Indra.

*Wengine wanasema "krinomi", jirani zangu Wagujarati wanasema "krunomi". Nifuate ipi?*
Mfuate mwalimu wako. Kaskazini mwa India husema *ri*, Gujarat na Maharashtra *ru*. Kibaya ni kuchanganya zote mbili katika ubeti mmoja.

*Mwanamke anaruhusiwa?*
Wahafidhina hudai mwenye kughani Veda awe amevishwa uzi mtakatifu, na kwao hao ni wanaume. Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu ya mageuzi iliyoko pia Afrika Mashariki, hufundisha wote. Kwa maoni yangu, wimbo ambao mwonaji wake ni mwanamke ni mahali pagumu pa kuwazuia wanawake.

*Kwenye Navaratri, sikukuu ya siku tisa ya Devi, wimbo huu unaingia wapi?*
Wanaosoma Durga Saptashati, kitabu cha kumsifu Devi chenye mantra 700 katika sura 13, hutanguliza Ratri Sukta (wimbo wa Usiku) na kuweka Devi Sukta baada ya sura ya mwisho. Ila angalia: sura ya 5 ina sifa zinazoanza *namo devyai*, nazo pia huitwa Devi Sukta. Hizo ni za mizani ya silabi 32 kwa ubeti mzima, hazina toni za Veda. Kama huna mwalimu wa kukusahihisha, anza na hizo.