Kabla Hujashuka Kusini Kuwaona Pengwini

Kijana wa Mombasa akipata kazi kwenye yoti inayoteremka hadi Cape Town, kitu cha kwanza anachowaahidi wa nyumbani ni picha ya pengwini. Picha utaipata. Wako Simon's Town, ufukwe wa Boulders, jirani kabisa na nyumba za watu. Lakini kuna mambo ya kumaliza kabla hamjang'oa nanga, na moja kati yake nitalirefusha kwa makusudi.

Anza na makaratasi. Tangu Januari 2023 pasipoti ya Kenya inaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo uipate siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Usidhani kwamba kwa kuwa hukupitia uwanja wa ndege hakuna atakayekuuliza.

Majira nayo si ya kubahatisha. Sisi tumelelewa tukijua kwamba kaskazi ndiyo ya kwenda kusini, na ni kweli kama unaishia Kilwa. Ila miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya vimbunga katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Idai ilipiga Beira Machi 2019. Mkipita hapo mnaukuta mkondo wa Agulhas, unaokimbilia kusini-magharibi. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka huko huko unakokwenda mkondo, mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu, na kati ya Durban na East London kuna kama maili 250 za baharini bila bandari ya kukimbilia. Nahodha akisema tunangoja Durban, ngoja. Usiwe wewe wa kumharakisha eti siku zako zinakwisha.

Nguo: beba za baridi kuliko unavyodhani, na koti lisilopitisha maji.

Sasa pengwini wenyewe. Boulders imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain. Unapita mlangoni, unalipa, unatembea juu ya njia za mbao. Usijaribu kuteremkia ufukweni kwa kihori cha mpira. Kundi lile lilianza na jozi mbili tu mwaka 1982, lakini usidanganyike kwa wingi utakaouona: mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Usimguse wala usimlishe. Mdomo wake unakata nyama. Ukimkuta mmoja amesimama peke yake, manyoya yanamtoka mafungu mafungu kama mgonjwa, mwache. Anabadilisha manyoya, na kwa wiki tatu hivi haingii majini wala hali chochote. Ukimkurupusha unammalizia akiba aliyonayo mwilini. Na mkikodi gari, chungulia chini yake kabla ya kuliwasha, maana hupenda kivuli cha uvunguni.

Nililosema nitalirefusha ni ngama, yaani pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapojikusanya.

Tulipokuwa tumefunga Simon's Town, jirani yetu alikuwa na yoti nzuri, imepigwa rangi mpya. Injini yake ilivuja oili kidogo kidogo, na hakuna aliyejali kwa sababu ilidondokea ngamani, mahali pasipoonekana. Pampu ilikuwa ya kujiwasha yenyewe. Usiku maji yakapanda ngamani, pampu ikajiwasha, ikayatupa baharini pamoja na oili. Asubuhi ubavu mzima wa chombo ulikuwa umezungukwa na utando wa rangi rangi. Baharia wao akamwaga sabuni ya vyombo, utando ukatawanyika, wakaenda kunywa chai.

Alasiri pengwini mmoja alipanda kwenye mawe karibu na gati. Kwenye kifua chake cheupe palikuwa na doa la kahawia, halizidi kiganja. Alikuwa anatetemeka. Anajidonoa penye doa, anatikisa kichwa, anadonoa tena. Manyoya ya pengwini yamebanana hivi kwamba maji hayafiki kwenye ngozi. Oili huyashikanisha na kuacha mianya, baridi ikaingia. Basi hukimbilia nchi kavu, na nchi kavu hakuna samaki. Na kila anapojidonoa anaimeza ile oili.

Wakaitwa watu wa SANCCOB, shirika la kuokoa ndege wa baharini lililoanzishwa mwaka 1968. Walikuja na taulo na sanduku lenye matundu. Hawakumwosha pale; ndege hupewa nguvu kwanza, ndipo huoshwa, na harudishwi baharini mpaka manyoya yazuie maji tena. Ni hao hao waliobeba mzigo meli ya Treasure ilipozama Juni 2000 na pengwini kama 19,000 wakaingiwa na mafuta. Ile ilikuwa meli nzima. Hii ya jirani yetu ilikuwa oili ya kujaza kikombe.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka Kilifi au Mtwapa, ingia ngamani na tochi. Futa mpaka pakauke, washa injini, kisha tazama panapodondoka. Weka trei chini ya injini, na vitambaa vya kunyonya mafuta uvibadilishe njiani. Kabla ya kuingia ghubani, angalia tena. Maji yenye oili yatie kwenye jerikani, mkaikabidhi bandarini. Sabuni haiondoi mafuta, huyavunja tu yakazama. Watu wa Makupa, Mombasa, waliiona mikoko ikifa baada ya mafuta kumwagika mwaka 1988, kwa hiyo hili si la ugenini peke yake.

Mkiona ndege mwenye mafuta, msimwoshe, msimrudishe majini, msimpe samaki, pigeni simu. Choo cha chombo kisifunguliwe kumwaga baharini mkiwa ghubani. Vipande vya mshipi wa kuvulia msivitupe. Dizeli mkijaza, mmoja ashike kitambaa mdomoni mwa tangi. Na abiria waambiwe haya yote mapema, si mkishafika na kila mtu ana simu mkononi anataka picha.