Kuonja bia ya Kijapani ya hamira ya sake katika joto la Malindi

Malindi bia hutakwa baridi mpaka chupa inatoa jasho, na kwa laga ya kawaida hilo halina ubaya, maana kazi yake ni kukata kiu. Bia iliyochachushwa kwa hamira ya sake ukiinywa hivyo huwa bubu. Thamani yake kubwa iko puani, na harufu zake hazitoki kinywaji kikiwa nyuzijoto 2 au 3. Tena ukiiacha mezani siku za kaskazi, nusu saa haiishi imekuwa vuguvugu na gesi imekwenda. Kwa hiyo mwonjaji wa huku ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa Tokyo: kulichunga joto, aanze na baridi ya kiasi, kisha anuse kila linapopanda.

Hamira yenyewe

Sake ni pombe ya mchele, na hamira yake ni jamii moja na ile ya mkate na ya bia za eli (bia zinazochachushwa kwenye joto kuliko laga), Saccharomyces cerevisiae. Kilicho tofauti ni kabila, yaani tawi ndani ya jamii hiyo. Wajapani wameyapa makabila hayo namba, na chama chao cha utengenezaji pombe, kilichoanzishwa mwaka 1906, huyasambazia viwanda. Namba 7 ilipatikana mwaka 1946 katika kiwanda cha Masumi, mkoa wa Nagano. Namba 9 asili yake ni Kumamoto. Namba 1801 inajulikana kwa harufu kali ya matunda. Zinazoishia na 01, kama 701 na 901, ni zile zisizofura povu pipani wakati wa kuchachuka. Usizitafsiri kuwa bia yake haitakuwa na povu kwenye bilauri.

Hamira hizi zimezoea baridi, nyuzijoto 10 hadi 15, na zimezoea kulishwa taratibu. Kwenye sake kuvu aitwaye koji huivunja wanga ya mchele kuwa glukosi huku hamira ikiila papo hapo. Kwenye bia sukari nyingi ni ya kimea, na hamira ya sake huipata kwa shida. Ndiyo maana watengenezaji wengi huongeza koji, au huichanganya hamira ya sake na ya eli. Kumbuka hili unapoonja. Bia ikibaki na utamu mzito mwishoni, huenda hamira haikumaliza sukari. Ikiwa kavu na nyepesi, ilisaidiwa.

Viwanda vidogo vya bia vilichipuka Japani baada ya mwaka 1994, serikali iliposhusha kiwango cha chini cha kutengeneza kutoka lita milioni 2 kwa mwaka hadi lita 60,000. Watengenezaji sake kadhaa wa zamani wakaingia humo. Kiuchi wa Ibaraki, wanaotengeneza sake tangu 1823, walianza bia yao ya Hitachino Nest mwaka 1996.

Kusoma lebo

Alama 清酒酵母 maana yake hamira ya sake. 要冷蔵 maana yake iwekwe kwenye baridi wakati wote, na chupa yenye alama hiyo ikiuzwa rafuni bila friji, iache. 賞味期限 ni tarehe ya mwisho ya ubora. Wajapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukiona 発泡酒, yaani happoshu, usidhani umeuziwa bia hafifu. Sheria yao huangalia kiasi cha kimea, na tangu Aprili 2018 kimea kikiwa chini ya nusu, kinywaji hakiitwi bia. Bia iliyopewa mchele au koji kwa wingi inaweza kuangukia kundi hilo na bado ikawa nzuri kabisa.

Tazama pia chupa imekaa wapi. Ya kahawia huzuia mwanga vizuri, ya kijani haizuii. Iliyopangwa dirishani kwa pambo, usiinunue hata kwa nusu bei.

Chupa, bilauri na mahali

Simamisha chupa wima kwenye friji kwa saa 24 ili mashapo yatulie. Saa ya kuonja, itoe uiache kivulini kama dakika 10, mpaka ifike nyuzijoto 7 au 8. Kama una kipimajoto cha jikoni, mimina kidogo upime. Kama huna, shika shingo ya chupa kwa sekunde kumi: iwe baridi lakini isikuume kiganja. Stima ikipotea, chukua ndoo, tia maji nusu na barafu nusu, ongeza konzi mbili za chumvi, uzamishe chupa kwa dakika 20. Friza usiitumie, maana chupa hupasuka, na isipopasuka bia ikiganda huharibika umbo na povu. Na barafu haitiwi ndani ya bilauri.

Tumia glasi ya mvinyo, yenye tumbo na mdomo uliobana, kwa kuwa tumbo hukusanya harufu. Bilauri iliyonyooka huiachia yote hewani. Ioshe kwa sabuni kidogo isiyo na manukato. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii: maji mengi ya visima vya Malindi yana chumvi, na yakikaukia kwenye glasi huacha ukungu mweupe unaoonekana ukiiinua kwenye mwanga. Suuza mara tatu, na mara ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa. Kisha iinamishe ikauke yenyewe, usiipanguse kwa kitambaa kilichofutia vyombo vya samaki. Ukishamimina, ukiona vipovu vimeganda ubavuni mwa glasi chini ya povu, glasi ina mafuta. Anza upya.

Kaa mbali na jiko la kukaangia na mbali na chetezo. Udi, asumini na halwaridi ni harufu nzuri, ila zitaimeza bia yote. Pwani upepo ukileta mwani, ingia ndani. Jua ndilo adui mkubwa: mwanga ukigusa hopi, maua yanayoipa bia uchungu, dakika chache zatosha kuipa bia harufu ya kicheche, na hutokea hata ndani ya glasi. Na uchague baraza ambayo chupa haitamkwaza mtu, kwa kuwa mji wetu una watu wa dini wengi, na heshima hiyo haigharimu kitu.

Kumimina

Chupa ya mililita 330 yatosha watu wanne, kila mmoja kama mililita 80. Usijaze. Inamisha glasi, mimina ubavuni mpaka nusu ya kiasi chako, kisha isimamishe na kumalizia katikati ili povu lipande kama sentimita 2. Acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa pamoja na mashapo. Utaikorogea kwenye glasi baadaye ili kuona inabadilika vipi.

Povu likiwa jembamba na likakatika mapema, usilihukumu upesi. Mchele una protini chache kuliko kimea, na vimeng'enya vya koji huzivunja hata hizo chache. Hukumu povu pale tu glasi ni safi na bia haina mchele wala koji.

Pua kwanza

Nusa mara tu baada ya kumimina, bila kuizungusha: mivuto mitatu mifupi, kisha upumzike. Kwenye nyuzijoto 8 mara nyingi utapata nafaka, kitu kama wali mweupe uliopoa. Zungusha glasi taratibu, subiri dakika tano, nusa tena. Matunda ndipo huanza kujitokeza, karibu nyuzijoto 12, na yapo ya namna mbili.

La kwanza ni ndizi. Hutokana na kiungo kiitwacho isoamili asetati, na hicho hicho kiko kwenye ndizi sukari iliyoanza madoa meusi. Mtu aliyewahi kukaa karibu na fenesi lililopasuliwa ameshakutana na jamaa zake. La pili ni tufaha, lile la dukani ambalo watu huliita epo, si matufaa yetu mekundu. Hilo hutokana na ethili kaproati, na ndilo hasa alama ya hamira kama 1801. Huja pamoja na nanasi, na nyuma yake kidogo shamari.

Wengi hukosea kwenye epo. Epo bivu na tamu ni sifa. Epo bichi, kali, yenye kama harufu ya rangi mpya ya ukutani, ni asetaldehaidi: bia imetolewa pipani kabla haijaiva. Maneno hayatoshi kulifundisha pua. Nunua epo moja la kijani gumu na moja jekundu lililoiva, katakata, weka kwenye vikombe viwili vilivyofunikwa, na cha tatu utie ndizi sukari iliyopondwa. Fungua kikombe, nusa, rudi kwenye glasi. Ukifanya hivyo mara nne au tano, hutahitaji tena vikombe. Pua ikichoka, nusa ngozi ya mkono wako mahali pasipo na manukato.

Angalia pia karafuu, ambayo mtu wa Pwani huitambua haraka. Hamira za sake zimepoteza uwezo wa kutoa harufu hiyo. Ukiinusa, basi ama kuna hamira nyingine iliyochanganywa kwa makusudi, kama zile za bia za ngano, ama hamira ya porini imeingia.

Kinywani

Chukua funda la kijiko kimoja cha chakula. Lieneze mdomoni kwa sekunde tano, meza, kisha pumua kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa. Harufu ya pili hupanda kutoka nyuma ya koo, kwa hiyo kutema kunakunyima nusu ya bia. Kati ya funda na funda sukutua kwa maji yasiyo baridi, na utafune kipande cha mkate mweupe au wali mkavu usiotiwa nazi.

Uchungu wa hopi kwa kawaida ni mdogo, na hivyo ndivyo inavyofaa, maana hopi nyingi ingefunika kazi ya hamira. Tafuta badala yake ladha ile iliyo kwenye supu ya chaza, chumvi isiyo chumvi, inayojaza kinywa na kukutoa mate. Hamira ya sake hutoa asidi ya saksiniki, na asidi hiyo hiyo imo kwenye chaza na kome. Uchachu wake ni wa mbali. Aliyezoea mnazi wa mangwe, tembo la mnazi, asiutafute ule ukali, kwani mnazi huchachushwa pia na bakteria, na wa jioni haufanani na wa asubuhi. Bia ya hamira ya sake ikichachuka kama mnazi wa jana, imeingiliwa, isipokuwa lebo iseme imefanywa chachu kwa makusudi. Ukakasi ukikushika ulimi kama wa bibo, andika. Kidogo unavumilika, ukizidi ni kosa la kupika.

Rudia kunusa na kuonja kwenye nyuzijoto 8, 12 na 16, kila mara ukiandika maneno matatu tu. Kiganja chini ya glasi hupandisha joto haraka ukitaka. Kwenye 16 pombe hujidhihirisha: bia nzuri hupasha koo, mbaya hutoa harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kupita 18 hakuna jipya.

Kasoro nyingine

Harufu ya katoni iliyolowa ni dalili ya bia iliyozeeka au iliyokaa joto, na ndiyo kasoro utakayokutana nayo zaidi huku, kwa chupa zilizosafiri kwa kontena hadi Mombasa kisha zikakaa bohari lisilo na baridi. Harufu ya siagi au bisi ni diasetili: hamira iliondolewa kabla haijaisafisha. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutoka kwenye kimea kisichochemshwa vya kutosha. Na usipopata ndizi kabisa kwenye bia iliyosifiwa kwa ndizi, tazama tarehe, kwani harufu hiyo hufifia chupa inapokaa.

Chakula

Onja kwanza, kula baadaye. Kamba wa kuchoma kwa chumvi tu, chaza wabichi, chewa wa makaa: hapa bia hii haina mpinzani. Viazi karai vyafaa bila ukwaju. Samaki wa kupaka ana nazi na ndimu nyingi mno, na achari ya embe huua kila kitu. Mahamri usiyaweke karibu, iliki yake hukaa puani muda mrefu.

Ukipata chupa mbili za tarehe moja, usizifungue upesi. Moja iweke kwenye friji, ya pili kabatini kwa wiki mbili, gizani lakini katika joto la nyumba. Kisha zipoze zote hadi nyuzijoto 8 na umpe mwenzako amimine glasi tatu bila wewe kuona, mbili za chupa moja na moja ya nyingine, akiandika namba chini ya kitako. Tafuta iliyo peke yake kwa pua tu, kabla hujaionja.