Namna ya Kumngoja Bwana Anayekawia: Mwongozo kwa Familia ya Kikristo

Katika mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi, ambao Yesu aliutoa kuhusu kurudi kwake (Mathayo 25), kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wote kumi walisinzia wakalala. Bwana arusi hakuwafungia mlango wale watano wapumbavu kwa sababu ya usingizi, wala taa zao hazikuwa mbovu, kwa kuwa zilikuwa zimewaka tangu jioni sawa na za wenzao. Kilichowatenga ni chombo kidogo cha mafuta ya akiba. Wapumbavu walijiandaa kwa bwana arusi atakayefika upesi. Wenye busara walijiandaa kwa bwana arusi atakayekawia. Maelekezo yafuatayo yamejengwa juu ya tofauti hiyo, na yanafaa zaidi kwa familia katika Majilio, yaani majuma ya kuelekea Noeli yanayoanzia Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, ingawa hakuna kinachokuzuia kuyaanza mwezi wowote.

Anza kwa kusoma, na usianze na Kitabu cha Ufunuo. Wengi hukimbilia mihuri na wanyama wenye pembe kabla hawajasikia yale ambayo Kristo mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake pale Mlima wa Mizeituni. Someni Mathayo 24 na 25 kwa mfululizo, kisha Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike kuanzia 4:13 hadi 5:11, kisha sura ya tatu ya Waraka wa Pili wa Petro. Jioni nne zinatosha. Mkifika Mathayo 24:36, palipoandikwa kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake, mpe mtoto mkubwa asome mara mbili, kwa kuwa mstari huo mtauhitaji baadaye.

Kwa jioni ya wanawali, tafuta taa ya chemli au hata koroboi, uitie mafuta kidogo kwa makusudi, kisha zima taa za umeme. Nyumbani kwangu mafuta yaliisha tukiwa katikati ya sala. Mwali ulipungua, ukawa mwekundu, utambi ukaanza kuungua wenyewe, na moshi ukapaka kioo weusi hata tusionane nyuso. Mtoto wa miaka saba akauliza kwa nini hatukuweka mafuta kabla ya kuanza, nami sikuwa na la kuongeza. Mwache mtoto aulize mwenyewe; ukimwahi kwa mahubiri, somo limekwisha.

Jioni inayofuata, lieleze neno kulaki, ambalo Kiswahili kinalo kamili kuliko lugha nyingi. Mtume Paulo anasema kwamba walio hai watanyakuliwa katika mawingu ili wamlaki Bwana hewani. Neno la Kigiriki alilotumia ndilo lililotumika kwa wanawali walioitwa kutoka kumlaki bwana arusi, na tena katika Matendo ya Mitume 28:15, pale ndugu wa Rumi walipotoka mjini hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu kumpokea Paulo. Ndugu wale hawakubaki njiani. Walirudi pamoja na mgeni wao mjini. Nasi tunapokwenda kumlaki mgeni stendi, tunampokea mzigo na kuongozana naye hadi nyumbani, ambako sakafu imekwisha fagiwa na chakula kiko jikoni. Kwa sababu hiyo wafasiri wengi huona kwamba anayemngoja Kristo hajiandai kuitoroka dunia, bali anaiandaa dunia kama nyumba ya kumpokelea Mfalme. Nakubaliana nao, na sehemu yote iliyobaki ya mwongozo huu inalifuata wazo hilo.

Kuandaa nyumba maana yake ni kazi za kawaida. Wathesalonike walipopata habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, baadhi yao waliacha shughuli zao wakawa wa kuzurura, na Paulo akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Chukua daftari, uandike unaowadai na wanaokudai, hata elfu mbili ya genge. Lipa unachoweza juma hilo. Usichoweza, nenda ukazungumze na mwenye fedha kabla hajakufuata. Kama kuna ndugu ambaye hamjapeana mkono tangu msiba au mirathi fulani, usimtumie ujumbe wa simu: nenda kwake. Kisha andika wosia. Wapo wanaosema kwamba kuandika wosia ni uchuro, lakini ni hao hao wanaoimba kila Jumapili kwamba wako tayari kwenda. Nchini Tanzania, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kutunza wosia, na shughuli hiyo haihitaji utajiri wowote.

Zaidi ya hayo, chagueni mtu mmoja tu. Mwishoni mwa Mathayo 25 Mwana wa Adamu anawauliza mataifa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa, wala haulizi lolote juu ya hesabu za nyakati. Familia inayojaribu kuwahudumia wote sita kwa mara moja huchoka kabla ya Noeli. Mgonjwa mmoja anayetembelewa kila Jumamosi, akachotewa maji na kufuliwa mashuka, anatosha.

Ule mstari mliousoma mara mbili sasa unahitajika, kwa sababu mapema au baadaye atakuja mtu mwenye tarehe. Mwulize mambo mawili: umeijuaje siku ambayo malaika hawaijui, na je, unanitaka niache nini? Swali la pili ndilo linalofichua zaidi. Wafuasi wa mhubiri William Miller nchini Marekani walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la kidini walitangaza kwamba ulimwengu ungekwisha pamoja na mwaka 1999. Siku ilipopita wakataja nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wakateketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Anayekutaka uuze shamba, umwachishe mtoto shule au umnyime chakula, usibishane naye juu ya unabii. Ondoka, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Msibani kuna namna yake. Maneno ya Paulo kuhusu parapanda yaliandikiwa wafiwa, wala hakuwakataza kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama wasio na matumaini. Basi keti kwanza jamvini na mwenye msiba, mwache alie, na aya hizo zisome usiku wa pili au wa tatu, watu wakishapungua.

Kila jioni funga kwa sala fupi ya Wakristo wa kwanza, Maranatha, ambayo Paulo aliiacha katika Kiaramu chake mwishoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na ambayo wengi huielewa kuwa na maana ya Bwana wetu, njoo. Isemeni mara tatu, taratibu. Kisha futa kioo cha chemli kwa karatasi, kata ncha ya utambi iliyoungua, jaza mafuta, na chupa ya akiba uifunge kizibo na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuifikia.