SOMO: Kubadili cheni ya taimingi kwenye 1NZ-FE

Hii ndiyo injini ya cc 1,497 iliyomo kwenye IST, Probox, Premio na Funcargo nyingi. Cheni yake, inayounganisha krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti za kufungua valvu), haina kilomita maalumu za kubadilishwa. Kinachoimaliza ni oili chafu au oili pungufu: pini zinalika, cheni inarefuka, tenshena (kikaza cheni) inafika mwisho wa kutoka kwake. Utasikia mkwaruzo upande wa fenibelti asubuhi, na haukatiki hata injini ikipata moto. Mashine ya kupimia mara nyingi itatoa kodi P0016, yaani krenki na kamshafti hazilingani. Usiendelee kulitembeza gari hivyo, maana cheni ikiruka meno valvu zinagonga pistoni.

Andaa cheni, tenshena, reli zote mbili za kuongozea cheni, sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kava ya valvu, silikoni ya injini, kulanti, filta na oili lita 3.7. Tenshena ya zamani usiirudishe. Kuokoa pesa hapo ni kujiandalia kufungua tena.

1. Ondoa betri, mwaga oili na kulanti, toa tairi la mbele la kulia, fenibelti, alteneta, koili na kava ya valvu.

2. Zungusha krenki kwa spana, upande wa mwendo wa saa tu, hadi mkato wa puli ya krenki ulingane na 0 ya kwenye kava la mbele na alama za gia zote mbili za kamshafti ziangalie juu. Hapo ni TDC, pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Zikiangalia chini, zungusha duru moja tena. Piga picha.

3. Shika puli kwa kifaa chake ndipo ulegeze bolti. Usiizuie kwa cheni wala kwa gia ya VVT-i (gia ya kamshafti ya inteki, inayobadili taimingi ya valvu kwa nguvu ya oili). Kisha weka jeki chini ya injini, ubao katikati, fungua maunti ya kulia, pampu ya maji na kava la mbele. Bolti za kava hazilingani urefu: zichomeke kwenye katoni kwa mpangilio ule ule zilivyotoka.

4. Inua kibati cha tenshena, rudisha pistoni yake ndani, funga kwa kipini chembamba, kisha itoe pamoja na reli na cheni. Kuanzia hapa krenki na kamshafti zisizungushwe ovyo. Kamshafti ikijigeuza kwa nguvu ya springi, peleka kwanza krenki nyuzi kama 90 kutoka TDC ili pistoni zote nne zikae katikati, rekebisha kamshafti, kisha rudisha krenki.

5. Cheni mpya ina viungo vitatu vya rangi: kimoja kwenye alama ya gia ya krenki, kimoja kwenye alama ya VVT-i, kimoja kwenye alama ya gia ya kamshafti ya egzosi. Upande wa reli isiyocheza uvutike. Ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Funga tenshena, chomoa kipini, kisha zungusha krenki kwa mkono duru mbili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Ni valvu imekutana na pistoni.

6. Safisha silikoni ya zamani mpaka chuma king'ae. Paka mstari wa milimita 3 hadi 4, na uongeze kidogo pale silinda hedi na bloku zinapokutana, kwani hapo ndipo oili huvujia. Ukizidisha, vipande vinavyobanwa ndani hudondoka na kuziba chujio la pampu ya oili. Bolti ya puli ni Nm 128, kava ya valvu Nm 10. Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Kabla ya kuwasha, chomoa soketi za nozeli upige stata sekunde chache, oili ipande.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimezungusha duru mbili, viungo vya rangi havirudi kwenye alama. Nifungue tena?
– Hapana. Rangi ni za kufungia tu, na huchukua duru nyingi kurudi pale. Angalia alama za gia na puli peke yake.

Bolti ya puli naweza kukaza kwa mashine ya upepo?
– Kulegezea sawa, kukazia hapana. Ikikaa chini ya kipimo, puli inacheza, inakula njia ya ufunguo (mfereji wa kipande cha chuma kinachoshika puli kwenye krenki), na krenki ikishalika hapo gharama si ya cheni tena.

Cheni mpya, tenshena mpya, lakini asubuhi inakwaruza sekunde mbili kisha kimya.
– Anza na filta: zile zisizo na valvu nzuri ya kuzuia oili isishuke huleta hivyo hivyo. Kisha safisha chujio dogo la valvu ya VVT-i. Vyote vikiwa sawa, shuku gia ya VVT-i yenyewe. Pini yake ya kufungia ikilika, gia inagonga mpaka oili ipande.