Kaswende kwa mjamzito: kutoka tone la damu hadi sindano, siku hiyohiyo

Haya nawaandikia wauguzi wanaoanza kazi kliniki ya wajawazito. Nimechagua kaswende kwa sababu haina kelele: kidonda chake hakiumi na hupona chenyewe, mama anaingia kliniki amenawiri huku mtoto anaumia tumboni.

1. Pima hudhurio la kwanza, usingoje dalili. Kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende kinataka damu kidogo ya kidole. Futa tone la kwanza, chukua la pili, weka bufa (kimiminika kinachokuja na kipimo), tega saa. Vingi husomwa kati ya dakika 15 na 20. Mstari hafifu ndani ya muda huo ni mstari. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa nzima, kitupe, upime upya.

2. Mstari wa kaswende ukitokea, muulize: "Mama, ulishawahi kutibiwa kaswende?" Kipimo hiki huona kingamwili, nazo hubaki mwilini miaka mingi baada ya kupona. Aliyewahi kutibiwa, damu yake iende maabara kwa RPR, kipimo kinachosaidia kujua kama ugonjwa bado upo. Asiye na kumbukumbu wala maandishi kwenye kadi, mtibu.

3. Mchome leo, wa "njoo kesho" wengi hawarudi. Dawa ni benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, kwenye msuli. Kama haijulikani ameambukizwa lini, na kwa wengi haijulikani, ni sindano 3, moja kila wiki. Ikichanganywa huwa nzito kama tui la kwanza na huziba sindano nyembamba. Chukua nene, tikisa kichupa, gawa nusu kila tako. Vuta kidogo uone kama kuna damu, ndipo usukume polepole bila kusita. Ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo.

Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe mezani, si kabatini ambako funguo kaondoka nazo mtu wa zamu ya jana. Mkalishe nusu saa. Usiku anaweza kupata homa, parasetamoli inatosha. Tumbo likianza kukaza, arudi. Mwenye mzio wa penisilini mpe rufaa: doksisaiklini haimfai mjamzito, na erithromaisini haimtibu mtoto.

4. Mume. Zamani nilimpa mama kikaratasi cha wito. Vingi vilifungwa kwenye pindo la khanga mpaka vikafuliwa. Sasa namuuliza: "Utamwambia mwenyewe, au mje wote niwaambie mimi?" Ila kwanza natafuta kujua kama nyumbani kuna kipigo. Mume akiuliza nani kaleta, namjibu ukweli: hakuna kipimo kinachoonyesha hilo. Naye achomwe.

5. Andika tarehe ya kila sindano kwenye kadi. Matibabu yakianza chini ya siku 30 kabla ya kujifungua, mtoto naye hutibiwa, na mkunga wa zamu ya usiku hana pa kulijua hilo ila kwenye kadi.